Kipupwe kimeingia bwawani

Leo ni siku ya nne Mlima Meru haujaonekana. Wingu limeshuka hadi kwenye migomba, na saa moja asubuhi nilipotumbukiza kipimajoto bwawani kilisoma nyuzi 17. Perege hawakuja juu. Mwezi wa pili nikitokea tu na kikombe cha pumba, wananifuata ukingoni kama kuku. Sasa wametulia chini kwenye kina. Pumba nimezirudisha ndani.

Kila anayechimba bwawa la uani huku Tengeru huniuliza jambo hilo hilo ikifika Juni: mbona samaki wamegoma kula? Hawaumwi. Perege ni samaki wa maji ya vuguvugu. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 tumbo lake linafanya kazi polepole, na chakula unachomwaga kinazama na kuoza. Kipupwe chote nawapa kidogo tu, saa nane au saa tisa mchana, jua likitoka. Lisipotoka siwapi, na sijawahi kupoteza samaki kwa njaa ya kipupwe.

Niliowapoteza, niliwapoteza masika.

Bwawa langu ni dogo, mita 4 kwa 3, katikati kina cha sentimita 90. Chini kuna nailoni nzito nyeusi, pembeni mawe ya mtoni, ndani mabeseni matano ya yungiyungi za buluu na kichaka cha mafunjo. Liko mteremkoni, na juu yangu kuna zizi la jirani. Mwaka wa kwanza sikulifikiria hilo. Mvua za Aprili zikashusha maji ya samadi moja kwa moja bwawani, na baada ya siku kumi maji yakawa kama supu ya mchicha. Alfajiri nikawakuta samaki wote juu, midomo wazi, wanahema. Mwani unapopata mbolea huzaliana kupita kiasi. Mchana unatoa oksijeni, lakini usiku nao unaivuta, kwa hiyo kabla ya jua kuchomoza ndipo hewa inapokuwa imebaki kidogo kabisa majini.

Ningeacha hapo na kupunguza maji kidogo kidogo, wangepona wengi. Mimi nikayatoa yote, nikafungulia bomba, nikajaza mchana ule ule. Maji ya bomba hutiwa klorini, na klorini inaunguza matamvua ya samaki. Kufika jioni nilikuwa nimeokota 11. Mwanangu wa mwisho alikaa ukingoni akikataa kula, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Tangu siku ile sibadilishi zaidi ya robo ya maji kwa wiki moja, na ya bomba nayalaza kwanza kwenye pipa lililo wazi, siku mbili.

Nilipopanda kwa jirani kumweleza, nilijiandaa kwa ugomvi. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mama. Nimesikia samaki wamekufa." Alikuwa ameshashika jembe. "Tuchimbe mtaro hapa juu. Maji haya ni mali, yaende kwenye migomba." Tukachimba pamoja asubuhi nzima, mtaro wa kina cha goti na tuta upande wa bwawa, tukaotesha majani ya tembo juu ya tuta lishike udongo. Kila Februari, kabla mvua haijaanza, tunauzibua. Migomba yake ya upande ule sasa inabeba mikungu ambayo lazima iwekewe miti miwili. Kwa bwawa la mteremkoni, naamini kazi ya Februari inazidi kazi zote za mwaka mzima zikijumlishwa.

Nisisahau gugu maji. Muuza miche mmoja aliniuzia kama ua la bwawa, na kweli ua lake la zambarau linapendeza. Wiki chache baadaye lilikuwa limefunika nusu ya maji, na yungiyungi chini yake zinageuka njano kwa kukosa jua. Watu wa Ziwa Viktoria wanalijua tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Nililing'oa lote, nikalianika juu ya mabati hadi likakauka kabisa, ndipo likaenda shimo la mboji. Usilitupe kwenye mfereji. Maji ya mifereji yetu hushuka Mto Kikuletwa, na Kikuletwa inaingia Bwawa la Nyumba ya Mungu.

Mbu nao nawaangalia kila Jumamosi, kwenye vikona ambavyo samaki hawafiki. Viluwiluwi vya mbu wa malaria hulala bapa, sambamba na uso wa maji. Vya wale mbu wengine wa mitaroni huning'inia kichwa chini. Nikiviona nafyeka majani yaliyosongamana ili vifaranga wa perege wapenye. Hawabakizi kitu.

Yungiyungi zenyewe kipupwe hiki zinapumzika. Majani mapya yanatoka madogo, ya kahawia kwa chini, na ua linafunguka saa nne au saa tano badala ya mapema. Nakata majani yaliyolegea tu, karibu na shina, yasiozee majini. Mbolea siweki. Septemba jua likirudi ndipo nitapakua mabeseni. Napenda sana kazi hiyo: unapasua donge la udongo mfinyanzi, unapapasa chini ya shina la zamani, vidole vinakutana na viazi vidogo vyeusi, vigumu kama gololi, vyenye manyoya. Kila kimoja ni mmea mzima. Nakiotesha kwenye udongo wa mfinyanzi mtupu, ncha juu, kisha naweka kokoto juu yake, kwa sababu perege akitaka kutaga huchimba, na beseni lisilo na kokoto atalifukua lote. Beseni naliweka kwanza kwenye maji ya kina kifupi, nalishusha jani likifika juu.

Yule mzee ameniomba viazi viwili. Ana karo la zege la zamani ambalo ng'ombe hawalinywei tena, na ameshaliziba nyufa. Nimemwambia avumilie hadi Septemba. Jana nimemkuta amelijaza maji tayari.