Nilivyowafundisha manesi wenzangu kuhudumia mgonjwa wa kansa mwenye shida ya moyo

Mi ni nesi wodi ya kansa hapa Dar. Chuoni tulisoma kansa kivyake na moyo kivyake, ila wagonjwa hawaji hivyo, anakuja mama ana kansa ya titi na presha ya miaka mingi halafu anaanzishiwa doxorubicin, ile dawa nyekundu ya kansa.

Kitu cha kwanza nilichokazania ni hesabu, maana madhara ya hii dawa kwenye moyo yanajumlishwa, hata dozi alizopata miaka ya nyuma zinahesabika. Tukakubaliana jumla iandikwe mbele ya faili kila akipewa, ikikaribia miligramu 400 kwa kila mita ya mraba ya mwili daktari akumbushwe, na kwa mwenye moyo dhaifu tunamuuliza daktari mapema zaidi.

Mengine yote nilifundishia kitandani, projekta sikutumia kabisa. Ukimuuliza mgonjwa kama anapumua vizuri atakwambia niko sawa mwanangu, lakini muulize mama unalala na mito mingapi, ndo utasikia siku hizi nalala nimekaa, na kandambili haziniingii tena, miguu imevimba. Halafu mzani!! Kila asubuhi, mzani ule ule, kabla ya chai. Ndugu wanafurahi mgonjwa kaongezeka wanajua anakula vizuri, kumbe kilo 2 ndani ya siku tatu ni maji, moyo umeanza kushindwa. Huyo ukimfungulia dripu za maji zinazoendana na cisplatin, dawa nyingine ya kansa, haraka haraka kama wengine mapafu yanajaa, mpigie daktari kwanza. Na mwenye pampu ya 5-FU, dawa ya kansa inayoweza kusumbua moyo, akilalamika kifua kinabana usimwambie ni gesi, simamisha pampu, pima ECG (umeme wa moyo), ita daktari.

Kilichonisumbua zaidi ni woga wa kupiga simu usiku. Tulifanya mazoezi ya kuongea kwa namba, "dokta, uzito umepanda kilo 2 tangu juzi, mapigo 120, hawezi kulala chali", maana ukisema tu mgonjwa hayuko vizuri unaambiwa subiri asubuhi.

Sasa hivi nesi mgeni akija namkabidhi kwa mmoja wa niliowafundisha amfundishe. Mi nahangaika na eko, ile ultrasound ya moyo, maana trastuzumab, dawa ya kansa ya titi inayoweza kudhoofisha moyo, inataka moyo upimwe kila miezi mitatu na mgonjwa wa mkoani nauli ya kuja mara mbili hana, kwa hiyo tunampangia eko asubuhi ya siku ile ile ya dawa, majibu yakitoka daktari anaamua aendelee au asubiri.