Mzee na vidonge vyake vya gauti

Baba yangu ana gauti, ile wengine wanaita jongo, huu mwaka wa saba sasa. Mara ya kwanza ilimkamata saa tisa usiku, kidole gumba cha mguu kimevimba, chekundu, kinawaka moto, hata shuka likigusa analia, na huyu ni mzee ambaye sijawahi kumsikia analalamika maumivu. Hospitali wakapima yuriki asidi, ile taka ya kwenye damu inayoleta gauti, wakakuta 560 (maikromoli kwa lita), wakampa diklofenaki ya kutuliza maumivu na alopurinoli ya kushusha yuriki asidi, miligramu 100, kwenye bahasha wameandika 1x1, yaani kidonge kimoja mara moja kwa siku. Basi. Hakuna aliyemkalisha chini akamwambia ipi ni ya kutuliza maumivu na ipi ni ya kuondoa ugonjwa wenyewe.

Wiki ya tatu, anameza alopurinoli vizuri kabisa, mguu ukavimba tena. Akasema hii dawa ndo inanichokoza, akaitupia kabatini. Mimi simlaumu, yeyote angefikiri hivyo. Kumbe yuriki asidi ikishajazana kwenye maungio miaka na miaka inakuwa chembe ngumu zenye ncha kama sindano, sasa dawa ikianza kuishusha kwenye damu zile chembe zinaanza kuyeyuka na kumomonyoka, mwili unazishambulia, maumivu yanarudi. Yaani dawa inafanya kazi! Ndo maana mgonjwa anaweza kupewa na kolchisini, dawa ya kuzuia uvimbe usirudi, kidogo kidogo miezi 3 hadi 6 ya mwanzo. Baba hakupewa wala hakuambiwa.

Akarudia, safari hii akakaa karibu mwaka bila shida, akaacha tena. "Mama, mguu umepona, nimeze dawa za nini?" Na jirani naye keshamwambia hizo dawa zinamaliza figo, anywe maji ya ndimu.

Ila niseme ukweli, na sisi watoto tulimkosea. Tulikazana na sahani yake tu. Mzee nyama hiyo, mzee bia hiyo, mzee maharage acha, mpaka akawa anaficha maumivu akiogopa tutamwambia umejitakia, anachechemea anasema alijikwaa. Kumbe kwa wagonjwa wengi tatizo kubwa ni figo kushindwa kutoa yuriki asidi ya kutosha, mambo ya kurithi yamo, na kubana chakula peke yake kunaishusha kidogo tu. Bia kupunguza ni vizuri sawa, lakini ile aibu ya "ugonjwa wa wala nyama" ndo iliyomfanya aone dawa kama adhabu.

Kilichombadilisha ni nesi mmoja wa kliniki aliyekaa naye kama nusu saa hivi. Akamwonyesha ule uvimbe mgumu kwenye kiwiko, akamwambia hii ni yuriki asidi ileile, ukitulia na dawa itayeyuka taratibu. Akamwambia lengo ni kushuka chini ya 360, dozi itapandishwa kidogo kidogo kila baada ya vipimo mpaka ifike, na mguu ukivimba usiache, endelea. Ila ukiona vipele mwilini acha hapohapo uje haraka. Baadaye nikaja kusoma utafiti wa Nottingham kule Uingereza uliotoka 2018, wagonjwa 517, waliohudumiwa na manesi waliowaelimisha na kuwafuatilia, baada ya miaka miwili asilimia 95 walikuwa wamefika chini ya 360, wakati waliobaki na huduma ya kawaida ni asilimia 30. Dawa zilezile jamani! Nilisoma nikalia, nikikumbuka miaka ile ya 1x1.

Sasa hivi baba anameza miligramu 300, kikopo kinakaa pembeni ya chupa ya chai kwa hiyo hasahau, kipimo cha mwisho cha yuriki asidi kilikuwa 340 na kiwiko kimepungua. Nyama anakula Jumapili na hatumsemi. Juzi kanipigia mwenyewe, bila mimi kuuliza, anasema mama vidonge vimebaki sita, nikamtumia hela hapohapo.