Nilivyonunua bastola iliyotumika, hapa Mwanza

Mimi nanunua mabondo. Kwa msomaji wa mbali, bondo ni kile kibofu cha hewa cha sangara. Huku tunalikausha, Wachina wanalinunua, na bondo kubwa lina bei ambayo ukimwambia mtu wa bara anadhani unamtania. Biashara yenyewe inakwenda kwa pesa mkononi. Mvuvi aliyekesha majini hataki kusikia habari ya mtandao kukata wala wakala kuishiwa salio. Anataka noti, anahesabu, anaondoka. Kwa hiyo mnunuzi anatembea visiwani na mfuko wa pesa, na watu wanajua siku yake ya kuja.

Mwishoni mwa 2022 nilivamiwa na vijana wawili wenye mapanga nikitoka mwaloni, pale boti za uvuvi zinapotia nanga, alfajiri. Walichukua mfuko, wakaniachia kovu dogo juu ya sikio. Mke wangu ndiye aliyesema kwanza: "Baba Neema, ama uache visiwa, ama utafute namna." Nikatafuta namna.

Hapo ndipo mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayeishi Texas, alipoingia kwenye hadithi. Ana ukaazi wa kudumu kule na hupenda kulenga shabaha wikiendi. Alinitumia picha ya sanduku jekundu la plastiki, ndani yake bastola ya SIG Sauer P226. Ilikuwa imetumika, tena na polisi, kisha ikarudi kiwandani. Akanieleza: kule idara za polisi zikibadilisha silaha, za zamani zinarudishwa, na kiwanda huko jimbo la New Hampshire kinazikagua, kinabadilisha vilivyochakaa, kinazijaribu kwa risasi, kisha kinaziuza tena kwa jina lake chenyewe zikiwa na cheti kwamba ni za mkono wa pili lakini kiwanda kimezithibitisha. Sanduku jekundu ndiyo alama yake. Bei iko chini ya mpya, na mnunuzi akikuta kasoro anajua wa kumdai.

"Na kibali je?" nikamuuliza.

"Nimejaza fomu ya kununua silaha, kaka, ile 4473, muuzaji akaulizia rekodi yangu kwenye mfumo wa FBI, dakika kumi nikaambiwa nenda."

Dakika kumi! Yangu ilichukua miezi minane. Nikamuuliza kama anaweza kuninunulia moja anitumie. Alicheka hadi simu ikakwaruza. Kununua bastola kwa niaba ya mtu mwingine wa namna yangu ni kosa kule, na kuitoa nchini bila leseni ya kusafirisha silaha ni kosa jingine, na kuipokea hapa bila kibali cha kuingiza ni jela. Tukaachana na hilo. Ila lile neno la kiwanda kuthibitisha halikunitoka kichwani. Nikajiambia: kama hapa hakuna kiwanda cha kuweka jina lake, basi nitafute mtu mmoja mmoja wa kuweka lake.

Kibali nisikisimulie sana, maana kila aliyepita anakijua. Barua kwa mwenyekiti wa mtaa, kikao cha kata, polisi wilaya, kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, halafu mkoa, alama za vidole vyote kumi. Sheria tunayofuata ni ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na miaka 25 inayotakiwa nilishaipita zamani. Kwenye ofisi moja, ambayo siitaji, faili langu lililala chini ya mengine wiki tisa hadi nilipokwenda kukaa benchi kila Jumanne kama mgonjwa wa kliniki. Swali lililonitoa jasho liliulizwa na mama mmoja kwenye kikao cha kata, na hakuwa hata askari: "Mwanangu, hiyo bastola ukilewa nani anaishika?" Nikamjibu sinywi. Akamtazama mwenyekiti wa mtaa wangu, na mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Sijui ningefika wapi kama mwenyekiti angetazama dirishani.

Waliniuliza pia kwa nini nisichukue shotigani kama wenye maduka. Nikawaambia ukweli: shotigani kwenye boti lenye watu thelathini na kuku ni tangazo kwamba huyu ana pesa.

Kibali cha kununua kilipotoka, nilidhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo imeanza. Mpya zilinishinda bei. Duka la kwanza, lenye leseni zake zote ukutani, muuzaji alinitolea bastola nyeusi inayong'aa kama sufuria ya harusi. Akasema hii imetumika kidogo, imerudishwa kiwandani ikafanywa upya. Nikachangamka, nikikumbuka sanduku jekundu la mdogo wangu. Nikaomba cheti cha kiwanda. Akasema makaratasi yalibaki Dar. Nikaomba kuona namba. Namba ya kwenye mwili ilisomeka vizuri. Ya kwenye mtutu, ukichungulia kwenye lile dirisha ganda linaporukia, ilikuwa nyingine kabisa. Na rangi ilikuwa imepakwa juu ya mikwaruzo, ukipitisha kucha unaisikia.

Huenda mtutu ulibadilishwa kihalali, mitutu hubadilishwa. Lakini kama kiwanda ndicho kilichobadilisha, karatasi ingesema. Nikamshukuru, nikatoka. Alinifuata hadi mlangoni akishusha bei, na kila alipoishusha nilizidi kuwa na haraka ya kuondoka.

Ya pili niliipata kwa mzee mmoja wa Nyakato, mkandarasi mstaafu, aliyekuwa anamiliki CZ 75, bastola ya Kicheki, kwa leseni tangu enzi akilipa vibarua kwa mkono. Mwanawe hataki silaha nyumbani, naye macho yamepungua. Tulikubaliana mapema kwamba bastola haitoki mkononi mwake mpaka polisi wahamishe umiliki. Kukagua, ruksa, kuondoka nayo, hapana, hata kwa dakika tano kwenda kumwonyesha shemeji. Ukiuziwa kwa mlango wa nyuma, namba inabaki kwa jina la mwenzako na kosa linabaki kwako.

Nilikwenda na fundi, mstaafu wa jeshi aliyekuwa upande wa kutunza silaha. Huyu ndiye niliyemlipa kwa moyo mweupe kuliko wote katika safari hii. Tulikaa sebuleni kwa mzee, mapazia yamefungwa, mama amepeleka wajukuu kwa jirani. Mzee akatoa magazini, kile kikasha cha risasi, akavuta slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma, akamwonyesha fundi chumba cha risasi kiko tupu. Fundi akachungulia, kisha akaingiza kidole kidogo kuhakikisha. Akaniambia na mimi niingize. "Macho yanadanganya, kidole hakidanganyi."

Hapo nikaona kasoro ya kwanza, au nilidhani nimeiona. Kitufe cha magazini kilipobonyezwa, magazini halikudondoka. Lilitoka kidogo likagoma, ikabidi mzee alivute. Nikamkonyeza fundi. Akacheka. Kumbe CZ 75 nyingi zimetengenezwa hivyo, kuna kibati cha springi kinalishika lisianguke chini. Laiti ningekuwa peke yangu, ningeidharau bastola nzima kwa kitu kilichowekwa makusudi na mwenye kiwanda.

Kuifungua kulikuwa na utamu wake. Nyuma ya slaidi na kwenye mwili kuna vistari viwili vidogo. Unaisukuma slaidi nyuma kidogo hadi vistari vitazamane, ndipo kile kipini cha pembeni kinakubali kutoka. Fundi alikigonga taratibu upande wa pili kwa kitako cha magazini. Akakipeleka mwangani akakitazama muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Akasema bastola hizi zikishapiga risasi nyingi, hiki kipini ndicho huwa kinavunjika, na ufa wake huanza mwembamba kama unywele. Hakikuwa na ufa.

Kisha mtutu. Aliushika kama darubini, upande wa nyuma akaweka ukucha wa dole gumba, mimi nikamulika ukucha kwa tochi ya simu. Mwanga ukagonga ukucha ukarudi ndani ya mtutu, na mifereji inayojizungusha ikaonekana yote, mikali, inang'aa, isipokuwa karibu na mwanzo palikuwa na ukungu kidogo. "Hapo pamechoka kwa moto wa baruti," akasema, "lakini bado sana." Akanipa nami nikatazama. Nimenunua mabondo miaka kumi na moja kwa kuyanyanyua juani nione kama yana damu ndani, nikaelewa mara moja anachofanya.

Tatizo lilikuwa nje. Upande wa kushoto, chini ya kishikio, kulikuwa na kutu iliyokula chuma, vishimo kama tundu za sindano. Fundi hakuuliza bastola imetunzwaje. Aliuliza iko wapi ala yake. Mzee akaleta ala ya ngozi, nzuri, imeshonwa kwa mkono. "Hii ndiyo mwizi wako," fundi akamwambia. Ngozi inavuta unyevu na ina dawa za kulainishia ndani yake. Ukiihifadhi silaha humo miaka kadhaa, hapa ziwani ambako hata chumvi haikauki kopoani, ngozi inaitafuna chuma kimya kimya. Ala ni ya kutembelea, si ya kulalia. Mzee alinyamaza, akaigeuza ile ala mkononi kama mtu aliyeambiwa jambo baya kuhusu rafiki yake.

Namba zilikuwa moja: mwilini, kwenye slaidi, kwenye mtutu. Fundi akanionyesha pia muhuri mdogo wa ukaguzi wa serikali ya Wacheki wenye tarakimu mbili pembeni, 97, yaani ilipita kwenye majaribio ya risasi za shinikizo kubwa mwaka 1997 kabla haijauzwa. Hiyo ndiyo sehemu pekee niliyoona kiwanda kikizungumza, na nilifurahi kama niliyepokea barua.

Springi ya slaidi ilikuwa imechoka. Fundi aliilinganisha na nyingine aliyokuja nayo mfukoni, ikawa fupi kwa kama upana wa vidole viwili. Akasema springi ikilegea, slaidi inagonga mwili kwa nguvu isiyotakiwa, na hapo ndipo vipini vinapasuka. Nikaitumia kushusha bei. Mzee akashusha, na kwa ile kutu akashusha tena bila kuombwa; nadhani ni kwa aibu ya ala.

Siku ya polisi tulikwenda wawili, mzee na mimi, bastola ameibeba yeye na leseni yake mfukoni. Askari wa ghala la silaha alisoma namba kwa sauti, mwenzake akaitafuta kwenye daftari, wakakuta jina la mzee na rekodi kwamba aliileta wakati wa uhakiki wa silaha wa nchi nzima mwaka 2016. Nilishusha pumzi. Wenye silaha wengi hawakujitokeza mwaka ule, na bastola isiyohakikiwa ni mzigo unaomfuata kila anayeigusa. Afande akaniuliza itakaa wapi nyumbani. Nikamwonyesha picha ya sanduku la chuma lililofungwa kwa bolti ukutani, chumbani, mbali na watoto. Akaomba picha nyingine inayoonyesha ukuta ni wa tofali na si wa mbao. Nilikuwa nayo, kwa sababu mwenyekiti wa mtaa alishanitahadharisha.

Risasi za kwanza nilizipiga kwenye uwanja wa shabaha chini ya mkufunzi, na hapa lazima niseme: nilikuwa mbovu. Kati ya kumi, nne ziliiona karatasi. Mkufunzi alisema bastola haina neno, mkono ndio umekuja mpya. Nilirudi mara tatu kabla hajaridhika kunisainia.

Sijawahi kumtolea mtu bastola hiyo tangu siku hiyo. Nilichobadilisha zaidi ni ratiba: siendi tena siku ileile kila wiki, na daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 safari za upande wa Sengerema zikaacha kunilaza kwenye foleni ya kivuko gizani. Mke wangu anasema daraja limetulinda kuliko bastola. Simbishii.

Juzi mdogo wangu alipiga simu akataka aione kwa video. Nikamwambia silaha haionyeshwi kwenye simu. Akasema basi angalau nimwonyeshe sanduku lake, kama ni jekundu. Nikamwonyesha kopo la Blue Band ambamo nimeweka springi ya zamani, chupa ya mafuta na kitambaa. Ala ya ngozi mzee aliomba abaki nayo.