Hadina katika Chupa ya Maji ya Kunywa

Mwezi Februari mwaka 2017, kaskazi ikivuma na joto la Dar es Salaam likipita nyuzi 30 kila mchana, karakana ya boti za faiba niliyokuwa nikifanya kazi Kigamboni iliishiwa hadina, kimiminika kinachofanya rezini, yaani gundi ya faiba, igande. Mzigo wa msambazaji wetu ulikuwa umekwama bandarini, na boti ya uvuvi ya mita 7 ilikuwa bado ndani ya moldi, tabaka la kwanza la mati, yaani mkeka wa nyuzi za faiba, likiwa limeshakauka na la pili likisubiri. Mwenye karakana alimtuma mtu Kariakoo, naye akarudi na chupa tatu za nusu lita, zilezile zinazouzwa na maji ya kunywa, zikiwa zimejazwa hadina iliyomiminwa dukani kutoka kwenye dumu kubwa. Hazikuwa na lebo yoyote. Zilipangwa kwenye rafu ya stoo, chini ya paa la bati, zikakaa hapo siku kadhaa kabla ya kazi kuendelea.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kupima rezini na kuichanganya, kwa hiyo kimiminika hicho nilikijua vizuri. Jina lake kamili ni peroksaidi ya methili ethili ketoni, na kwenye madumu huandikwa kwa kifupi MEKP. Ikiwa safi inaweza kulipuka kwa kutikiswa tu, ndiyo maana viwanda huizimua kwa kimiminika kingine kinachoituliza kabla haijauzwa. Kilo moja ya rezini huhitaji gramu 10 hadi 20 peke yake, na kwa joto la pwani sisi tulikaa karibu na 10. Nguvu yake yote inatokana na atomi mbili za oksijeni zilizoshikana kwa kifungo dhaifu, ambacho hukatika kwa joto, kwa kutu ya chuma au kwa metali ya kobalti, na kila kinapokatika hutoa joto linaloweza kukata vifungo vingine. Ndani ya rezini, kukatika huko ndiko kunakogeuza uji mzito kuwa ubavu wa boti unaohimili mawimbi. Nje ya rezini, hakuna kazi njema kunakofanya.

Hata ikiwa imetulia rafuni, hadina huvunjika polepole na kutoa gesi. Kwa sababu hiyo dumu lake halisi ni la plastiki maalumu na kifuniko chake kina njia ndogo ya kupumulia. Kifuniko cha chupa ya maji hakina njia hiyo, kwa kuwa kimetengenezwa kisipitishe kitu.

Siku ya kuweka tabaka la pili, kijana mmoja aliyekuwa akijifunza ufundi aliingia stoo kuniletea chupa ya kwanza. Nilimwona kupitia mlango uliokuwa wazi akiishika, akiitazama kwa mshangao kwa sababu kitako chake kilikuwa kimetuna na haikuweza tena kusimama wima, kisha akaanza kuifungua hapohapo. Kifuniko kilimponyoka kwa kishindo. Hadina ikamrukia usoni, kifuani na sakafuni, naye akapiga ukelele, akalifunika jicho la kulia kwa viganja viwili.

Aliyefika kwanza ni fundi mkuu, mzee aliyewahi kufanya kazi kwa miaka mingi Oman kwenye karakana za boti, na ambaye tangu tulipoanza kazi pale alikuwa akisisitiza kwamba maji yawepo karibu kabla dumu la hadina halijafunguliwa. Hakuuliza lolote. Alimkamata kijana shingoni, akamlaza kwenye benchi kwa ubavu wa kulia ili maji yanayotoka jicho lililoumia yasipite kwenye jicho zima, akachukua jagi letu la maji ya kunywa na kuanza kummiminia. "Mwanangu, fumbua jicho," alisema, na kijana aliposhindwa, mzee alizitenganisha kope kwa vidole vyake mwenyewe. Bomba la simtanki lilikuwa hatua chache tu kutoka pale, lakini tangi lilikuwa limeshinda juani na maji ya kwanza yaliyotoka yalikuwa ya moto. Ikabidi vijana wawili wayaache yatiririke kwanza huku mwingine akileta ndoo zilizokuwa kivulini. Niliwahi kusoma kwenye karatasi ya usalama iliyokuja na dumu letu la zamani kwamba jicho lililoingiwa na hadina lioshwe kwa dakika zisizopungua 15. Nilipoishika karatasi ile nilidhani ni muda mfupi. Ukiwa umemshikilia mtu anayepigapiga miguu kwa maumivu, dakika 15 ni muda mrefu mno, na kila anayetazama anapata wazo la kuzikatisha.

Mmoja alikimbia kwenda kununua maziwa. Mwingine alikuwa ameshaita bodaboda na akawa anamwomba fundi mkuu amwachie mgonjwa awahishwe kivuko, kwa sababu hospitali yenye madaktari wa macho ilikuwa upande wa pili wa maji. Ninaelewa kwa nini walisema hivyo, na walisema kwa upendo. Lakini hadina haisubiri foleni ya kivuko. Inaunguza konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, tangu inapoigusa, na kila sekunde inayopita bila maji inaongeza jeraha. "Tukimwosha sasa, hospitali itapata jicho la kutibu," mzee aliwajibu bila kuinua uso. "Tusipomwosha, itapata tundu." Maziwa yalipoletwa aliyakataa, akaomba ndoo nyingine ya maji.

Mimi nilikuwa nimeingia stoo, kwa sababu kulikuwa na jambo lililonitisha kuliko jicho lile. Kwenye meza iliyokuwa chini ya rafu palikuwa na kopo la kobalti, kile kimiminika cha zambarau kinachotiwa kwenye rezini ili hadina ifanye kazi haraka, na kopo hilo lilikuwa wazi. Mpangilio wa kazi yetu haukubali mchezo: kobalti huchanganywa kwanza na rezini mpaka isambae kabisa, na hadina hutiwa mwisho. Vitu hivyo viwili vikikutana vyenyewe, bila rezini katikati, hadina huvunjika yote kwa mara moja kwa moto au kwa mlipuko. Matone ya hadina yalikuwa yametapakaa mezani hadi umbali wa shubiri moja kutoka kwenye kopo. Nilifunika kopo, nikalitoa nje na kuliweka mbali kwenye kivuli, halafu nikarudi kuondoa mifuko ya mati na kopo la asetoni, kimiminika cha kusafishia kinachoshika moto upesi.

Nilipogeuka nilimkuta seremala wetu amebeba ndoo ya maranda, tayari kuyamwaga juu ya kimiminika kilichokuwa sakafuni. Ndivyo tulivyozoea kufyonza mafuta ya injini. Nikamzuia kwa kelele, kwa kuwa maranda, matambara na karatasi vikilowa hadina vinaweza kuwaka vyenyewe baada ya saa chache, watu wakiwa wameshasahau. Tulitumia mchanga uliolowa maji, tukauzoa kwa koleo la plastiki na kuuacha nje ndani ya ndoo iliyojaa maji. Shati la kijana nalo, lililokuwa limeloa kifuani, lilivuliwa na kuzamishwa kwenye ndoo ileile, na ngozi yake ikaoshwa.

Zilibaki chupa mbili rafuni, nazo zilikuwa zimetuna vilevile. Fundi mkuu aliagiza kwamba asiwepo mtu wa kuzigusa wala kulegeza kifuniko. Stoo ilihamwa, umeme ukazimwa, na askari wa zimamoto waliopigiwa simu walizimwagia maji kutoka mbali kwa muda mrefu hadi zilipopoa, kisha wakazishughulikia wao wenyewe. Majirani walishangaa kuona gari la zimamoto likiletwa kwa ajili ya chupa mbili za nusu lita. Mwezi Agosti mwaka huohuo niliona habari za kiwanda cha Arkema kilichoko Crosby, jimbo la Texas, ambako mafuriko ya kimbunga Harvey yalikata umeme wa majokofu yaliyohifadhi peroksaidi za ogani, ukoo wa kemikali ambao hadina nayo imo. Sehemu ya kemikali zile ilipopata joto iliwaka yenyewe ndani ya matrela, bila kuwashwa na mtu, baada ya wakazi wa eneo la karibu kilomita mbili na nusu kuzunguka kiwanda kuondolewa. Hadina yetu haihitaji jokofu, inahitaji kivuli na joto lisilozidi nyuzi 30, lakini tabia ya ukoo ni hiyohiyo, na stoo yenye bati bila dari haiwezi kutoa hata hicho kivuli.

Mgonjwa alivushwa baada ya kuoshwa, na njiani niliendelea kumtiririshia maji kwa chupa. Nilikuwa nimechana lebo ya dumu letu tupu la zamani, yenye jina la kemikali, namba 3105 inayoitambulisha kimataifa kama kemikali hatari, na alama ya mraba uliosimama kwa pembe yake, wenye nusu nyekundu juu na nusu ya njano chini, nikampa daktari. Alisema karatasi hiyo imemwokolea muda, kwani kwenye chupa iliyotoka Kariakoo asingesoma kitu. Waliliosha jicho tena hapohapo. Konea ilikuwa imechubuka upande wa chini, ikapona kwa wiki kadhaa za dawa, na kijana anaona, ingawa aliambiwa arudi kupimwa kila mwaka kwa sababu jeraha la hadina limewahi kuonekana likiamka upya muda mrefu baada ya kupona.

Mimi na fundi mkuu tulikwenda dukani Kariakoo. Muuzaji alitupokea vizuri na kutuonyesha anavyopima: dumu la kilo 25, faneli ya bati yenye kutu mdomoni, na gunia la chupa tupu za maji. Mzee aliishika faneli ile akamweleza taratibu kwamba kutu inaweza kuanza kuivunja hadina kabla mteja hajafika nyumbani, na kwamba kimiminika kisicho na rangi ndani ya chupa ya maji, katika nyumba yenye watoto, siku moja kitanyweka. Chupa nne zilizojazwa zilikuwa zimesimama kaunta, karibu na katoni ya maji halisi. "Wateja wangu hawawezi kununua dumu zima, mzee wangu," muuzaji alisema, na hilo lilikuwa kweli, kwa maana wengi wao ni watu wa kuziba boti moja au kutengeneza tangi moja. Nikamwonyesha kwenye simu kwamba watengenezaji wanafunga hadina pia katika chupa za kilo moja, zenye lebo na kifuniko cha kupumulia. Alitaka kujua bei, akafanya hesabu, akapiga simu kwa msambazaji wake tukiwa tumesimama hapo na kuagiza katoni mbili. Zile chupa nne alizitoa kaunta, akazilegeza vifuniko kwa maelekezo ya mzee, kwa kuwa zilikuwa za asubuhi ile na hazijatuna, akaziandika jina kwa kalamu ya wino mzito na kuzipeleka nyuma kwenye kivuli, mbali na maji.