Laundri wakati wa mvua Mbeya: kamua kwanza, moto baadaye

Mvua za Mbeya zikishaanza Novemba, mpaka Aprili huko kamba ya kuanikia haitegemewi. Suruali ya jinzi inaweza kushinda nje siku mbili, bado ikaingia ndani mbichi na inanuka uvundo. Hapo ndipo mafurushi yanapobebwa kwenda laundri, na pesa nyingi huishia kwenye kukausha.

Maji mengi yanatolewa na kukamua, si na moto. Mashine inayozunguka mara 1,200 kwa dakika inaacha nguo na unyevu mdogo kuliko ya mizunguko 800, na maji yote yanayobaki lazima yageuzwe mvuke kwa umeme au gesi. Kabla nguo hazijahamishiwa kwenye mashine ya kukaushia, shika jinzi pale kwenye mkanda wa kiunoni, penye vitambaa vilivyorundikana, ubane kwa vidole viwili. Maji yakichuruzika, omba zikamuliwe tena.

Blanketi ndilo linalosumbua zaidi. Likiwa peke yake linajiviringisha upande mmoja, mashine inayumba, inajipunguzia mwendo ili isiharibike, na blanketi linatoka linavuja. Liwekee mataulo mawili ya kusawazisha uzito. Lakini usishindilie: juu ya nguo ibaki nafasi ya kupitisha kiganja. Na zile kilo 8 zilizoandikwa kwenye mashine ni za nguo kavu.

Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono ina povu jingi mno. Povu linazuia nguo kusuguana, halisuuziki vizuri, na shati likikauka linakuwa gumu na linawasha shingoni. Tumia ya mashine, vijiko viwili au vitatu vya chakula. Juni na Julai, maji yakiwa ya baridi kali, ikoroge kwanza kwenye maji ya vuguvugu, la sivyo utakuta michirizi myeupe kwenye nguo nyeusi. Matope yaache yakauke, yapige brashi, ndipo ufue.

Kwenye kukausha, jaza nusu tu, hewa ya moto ipate pa kupita. Hakikisha kichujio kimetolewa manyoya ya nguo zilizotangulia. Kikiziba, hewa haitembei, nguo zinachelewa kukauka, na manyoya hayo yanashika moto upesi. Sweta za sufu usiziweke kabisa, zinasinyaa na hazirudi. Kitenge kipya kifue peke yake kwa maji baridi, kisha kianikwe kivulini. Kitambaa chenye mafuta ya kupikia au petroli kisiingie kwenye mashine ya kukaushia hata kama kimefuliwa: mvuke wa petroli hushika moto upesi, na mafuta ya kupikia yaliyobaki yanaweza kujipasha joto yenyewe na kuwaka, hata nguo zikiwa zimeshatolewa na kurundikwa.

Zikiisha, zikung'ute na kuzikunja zingali na joto kidogo, mikunjo haitashika. Kabla ya kufunga furushi, ingiza mkono ndani ya mifuko ya jinzi na kofia za sweta. Unyevu hubaki humo mwisho kabisa, na ukifungiwa kwenye mfuko wa plastiki, uvundo unarudi.