Susan Solomon na gesi ya friji zetu

Mimi ni fundi wa friji hapa Kondele, Kisumu, na kuna mwanasayansi mmoja natamani kila fundi amjue, Susan Solomon wa Marekani. 1985 Waingereza watatu walitangaza ozoni, ile gesi ya juu inayotukinga na miale mikali ya jua, juu ya Antaktika, bara la barafu kule kusini kabisa, inapungua vibaya kila Septemba na Oktoba, sababu haikujulikana. Huyu mama akafikiria yale mawingu ya barafu ya kule juu kabisa, kilomita kama 20 hivi, akasema klorini ya gesi za zamani za friji kama R12 inabadilishwa juu ya hizo chembe za barafu, halafu jua likirudi baada ya giza la miezi inaanza kula ozoni. Na hakukaa tu ofisini jamani, 1986 akiwa na miaka 30 akaongoza timu mpaka McMurdo, kituo cha utafiti cha Wamarekani huko Antaktika, baridi kali, wakapima hewa wenyewe wakakuta klorini daioksidi nyingi sana, dalili kwamba ni klorini inayokula ozoni. Hapo ndo namheshimu kabisa. 1987 nchi zikasaini mkataba wa Montreal wa kupunguza gesi hizo zinazoharibu ozoni.

Watu huku wanadhani gesi ikitoka inapotea tu hewani, lakini R12 inakaa karibu miaka 100, ndo maana ukiniletea friji ya kitambo hiyo gesi naivuta kwa mtungi, siiachilii.