Spika za uwanja: mstari wa mashariki unasema tena

Siku ya 1
Uwanja una mistari sita ya spika ya volti 100 (kebo moja inalisha spika nyingi, kila spika na transfoma yake ndogo), kila mmoja na spika 20 za honi zilizowekwa wati 30. Mstari wa mashariki ni kimya kabisa. Nikiwasha amplifaya yake, taa ya ulinzi inawaka na amplifaya inajizima. Multimita imenipa chini ya omu 2, nikaandika daftarini "shoti". Jioni nikapima mstari wa magharibi, ulio mzima, nao ukasoma karibu vilevile. Nimefuta nilichoandika. Multimita hutumia mkondo mnyoofu, na kwa mkondo huo transfoma ya kila spika ni waya uliozungushwa tu.

Siku ya 2
Leo nina mita ya impidansi (upinzani wa mstari kwa mkondo geu, kama ule wa sauti) inayopima kwa hezi 1,000. Mstari mzima unapaswa kusoma hivi: zidisha volti 100 kwa 100, gawanya kwa wati 600 (spika 20 za wati 30), unapata omu 16.7. Magharibi: 17. Mashariki: 4. Sasa ndiyo naweza kusema kuna shoti.

Sikupanda ngazi mara 20. Nimeukata mstari katikati, nikapima kila upande, kisha nikaugawa tena ule mbovu. Vipimo vichache tu vimenifikisha kwenye spika ya 13. Nilipofungua kisanduku cha transfoma, maji yalimwagika. Kebo iliingia kwa juu, na maji ya mvua hufuata kebo hadi inakoishia. Transfoma mpya imefungwa, tundu la kebo nimelihamishia chini, na kebo yenyewe nimeiacha ining'inie kitanzi kilicho chini ya tundu ili maji yadondokee nje. Spika nyingine zote 19 zilikuwa na kosa hilohilo la ufungaji. Nimezirekebisha zote, na imenichukua siku mbili nzima zilizofuata.

Siku ya 5
Viwambo vitatu vilivyopasuka (utando unaotetema ndani ya honi) vimebadilishwa. Pia nimekata besi zote chini ya hezi 120. Honi hizi haziwezi kuzitoa, na transfoma ndogo hulemewa na besi, impidansi ikashuka na amplifaya ikaumia bure.

Siku ya 6
Hii ndiyo siku niliyokuwa naisubiri. Sauti ilikuwa kubwa, lakini maneno hayakushikika. Spika kuu, zilizo mbele, ziko mita 85 kutoka jukwaa la mashariki. Kwa mwendo wa mita 343 kwa sekunde, sauti yake inafika milisekunde 248 baada ya ile ya spika za karibu. Mtu anasikia kila neno mara mbili. Nimechelewesha mstari wa mashariki milisekunde 258: zile 248, na 10 za nyongeza ili sauti ya spika kuu ifike kwanza na sikio lihisi sauti inatoka mbele. Helmut Haas alilichunguza jambo hili katika tasnifu yake ya 1949, na bado linanishangaza kila ninapolisikia kwa masikio yangu.

Kisha nikamwomba mwenzangu asome maneno 50 yasiyohusiana, nami nikiwa safu ya juu kabisa nikiandika ninachosikia. Kabla ya kuchelewesha nilipata 29. Baada yake, 47. Siku watu wakiambiwa watoke kwa lango fulani, lazima wasikie ni lango lipi. Maneno matatu niliyokosa yote yalikuwa na "s" au "f", kwa hiyo kesho naanza na sauti nyembamba za juu, zinazobeba herufi hizo.